Mwanamke Aliyetembea Nyuma ya Wote

Kwenye mashine yake ya kusaga mahindi, pale pembezoni mwa Kitale ambapo barabara iendayo mji wa Kwanza inaachana na nyumba na kuingia mashambani, hakuwahi kumngoja mtu. Ukifika na ndoo yako ya mahindi ukaanza kupapasa ukitafuta mfuko wa kutilia unga, alikuwa amekwisha kumwita aliye nyuma yako. Watoto waliotumwa kwake walifanya mazoezi njiani, mfuko umefunguliwa, mdomo umefungwa. "Wewe umekuja kusaga ama umekuja kuniangalia?" aliwauliza hata watu wazima, na uso wake uliojaa vumbi la unga haukuonyesha kama anatania.

Mtu huyuhuyu, kila mwezi wa nane, alizima mashine, akafunga mlango kwa mnyororo, akavaa gambuti na koti refu la kijani, akaenda kutembea siku nne nyuma ya watu wanaotembea polepole kuliko wote niliopata kuwaona. Nyuma yao, si kando yao wala mbele yao. Wakisimama, alisimama. Wakikaa kwenye ukingo wa barabara kutoa kokoto viatuni, alisimama hapo akiyatazama mashamba kama mtu anayengoja chai ichemke.

Tulimwita Mama wa Mwisho. Sijui nani alianza. Alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe, kwa hiyo nitamwacha nalo.

Hija yetu inatoka Kitale na kuishia kwenye kanisa kubwa la Bungoma, kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Usiku wa kwanza tunalala Kiminini, wa pili Naitiri, wa tatu Webuye, katika madarasa ya shule zilizofungwa, madawati yakiwa yamerundikwa ukutani. Mwezi wa nane kwetu ni mwezi wa mvua, na aliyeuchagua hakutuuliza. Asubuhi jua linatoka kutudanganya. Ikikaribia saa nane mchana, wingu linashuka kutoka Mlima Elgon, jeusi upande wa chini kama sufuria, na mahindi yaliyosimama kimya tangu alfajiri yanaanza kunong'ona yote kwa pamoja. Kisha hakuna anayemsikia mwenzake tena. Wengine wana miavuli, na upepo unaipindua. Wengine wamejifunika magunia ya mbolea, pembe moja imeingizwa ndani ya nyingine hadi gunia likawa kofia ndefu inayofika kiunoni. Mbele kabisa unakwenda msalaba, ukifuatwa na kwaya, kisha mtu aliyebeba spika begani, kisha akina mama waliofunga vitambaa vya buluu. Baada yao safu inalegea. Vijana wanakuja wawili wawili, halafu mmoja mmoja, halafu wanaochechemea. Halafu yeye. Nyuma yake ni barabara tu.

Na kuna desturi moja, ambayo watu wa parokia nyingine hutucheka kwa ajili yake. Kule Bungoma Misa haianzi mpaka mtu wa mwisho aingie kanisani. Padri amevaa, mishumaa imewaka, kwaya imesimama na nguo zao zinadondosha maji sakafuni, na watu wote wanatazama mlango.

Yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki. Alikuwa wa Kanisa la Marafiki, Mkweka wa kuzaliwa kama wengi wa upande wa Bungoma, na Jumapili yake aliiheshimu kwao bila kukosa. Hakufanya ishara ya msalaba. Rozari ilipopita kutoka mbele ya safu hadi nyuma kama maji yanayopitishwa kwa ndoo, ilipomfikia yeye ilikoma. Nyimbo aliimba zote, kwa sauti nzito isiyokosea. Wakati wa Komunyo, watu wakipanga foleni kwenda altareni, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma kabisa akavua gambuti, akakamua soksi taratibu, kwa uso wa ibada kabisa. Mchungaji wake aliwahi kumwita na kumuuliza anatafuta nini kwa Maria. Alivyotusimulia, alimjibu hivi: "Mimi siendi kwa Maria. Nakwenda na watu wake." Mchungaji akafikiri, akamwambia basi achukue mwavuli.

Jinsi alivyoanza ni kisa alichokisimulia akicheka. Jirani mmoja, muuza samaki, alimwomba amsindikize kwa sababu aliogopa kutembea peke yake nyuma ya wenye nguvu. Siku ya kwanza tumbo likamkata muuza samaki, akarudi nyumbani. Mama akaendelea. Alisema alikuwa ameshafunga mashine, na kufungua mashine katikati ya wiki kungewachanganya wateja. Kupita Naitiri, ambapo udongo unashika mguu kama una jambo la kukuambia, soli ya gambuti yake ilibanduka. Mvua ikamkuta hapo. Safu ikaenda. Alitembea peke yake mchana kutwa, soli imefungwa kwa kamba ya katani, na giza lilipokuwa linaanza aliingia darasani kule Webuye. Watu walikuwa wanakula maharagwe. Mtu akasogea, akampa nafasi, akampa sahani.

"Sikukasirika," alituambia. "Walikuwa wamechoka. Lakini niliangalia ule mlango, nikaona hakuna hata mmoja anauangalia."

Mwaka uliofuata aliwaendea viongozi wa hija kabla hata hawajatangaza kanisani, akawaarifu kuwa yeye atakuwa wa mwisho. Hawakujua kama ni ombi ama ni habari. Walikubali.

Ningependa kuandika kwamba aliwatia moyo waliochoka. Wasomaji wangefurahi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumsikia akimwambia mtu jikaze, ama Mungu yuko nawe, ama tumekaribia kufika. Kazi yake aliifanya kwa ugomvi. Alimtazama aliyechoka kwa muda, kama anavyotazama mahindi kujua kama yamekauka, kisha akatafuta pale panapouma ambapo si mguuni. Mwanamke mmoja wa Kiminini aliambiwa na Mama kuwa watu wa kwao hupika mboga ya mrenda inayovutika kama gundi ya fundi viatu. Dereva mmoja aliulizwa ni nani alimfundisha kuendesha, na kama bado wanasalimiana. Mtu aliyekuwa amekaa chini akisema hawezi kuinuka aliinuka ili ajibu. Na akishainuka, huwezi kugombana vizuri na mtu anayetembea kama wewe umesimama. Hivyo ndivyo watu walivyofika Webuye, wamekunja uso, wanatupa mikono hewani, wamesahau malengelenge.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari, na nilibaki nyuma baada ya Kiminini. Akaniuliza nataka kufanya nini maishani. Nikasema kuandika vitabu. Akaniambia vitabu ni vya watu wanaokaa chini, ndiyo maana miguu yangu iko hivyo. Nilibishana naye hadi tukavuka mto. Nilimtajia kila faida ya kusoma niliyowahi kufundishwa, na nyingine nikazibuni. Tulipofika Naitiri alinipokonya mfuko wangu, akautundika msumarini karibu na moto, akasema, "Sasa kaa chini uandike."

Watu wa kanisa lake wanasifika kwa kusema kweli, na yeye dukani, sokoni, barazani kwa chifu, hakusema uongo hata mdogo. Akisaga na kuona unga una wadudu alikuambia mbele ya foleni nzima. Barabarani alikuwa mwongo mkubwa. Ukimuuliza kumebaki umbali gani, jibu lilikuwa moja tu mwaka nenda mwaka rudi: "Hapo tu." Hapo tu, tukiwa bado tunaiona minara ya Kitale nyuma yetu. Nilimkabili siku moja kuhusu jambo hilo. Alifikiri, maji yakimdondoka puani, akasema kwamba hapo ni hapo, hajawahi kumwambia mtu ni hapo gani.

Mvua hakuichukia. Sisi tulipolalamika alinyosha kidole kwenye mahindi yaliyokuwa yanainama na kuinuka pande zote mbili za njia. "Hiyo ni unga inanyesha," alisema. "Si mtakula?" Aliyajua mashamba yote ya njia ile kwa kuangalia tu, la nani limewekwa mbolea na la nani limedanganywa, na alitabiri kwa sauti ni nani atamletea mahindi mabovu. Mvua ya mawe ilipotupiga karibu na Ndalu mwaka mmoja, tukajibanza kwenye ukuta wa stoo ya mahindi, yeye alibaki njiani, amejikunyata chini ya koti, kwa sababu mzee mmoja alikuwa ameinama kwenye mtaro ng'ambo ya pili na hakuweza kutuona. Yeye alisimama mahali ambapo mzee yule angemwona. Mawe yaliruka mgongoni mwake kama bisi.

Koti lile. Lilikuwa la marehemu mumewe, aliyekuwa askari wa kulinda stoo. Kijani, zito, la mpira, lenye kola iliyofika masikioni. Ungeliona ukiwa mbali, na kwa sababu hiyo likaingia katika desturi bila mtu kukusudia. Kule Bungoma mzee wa mlango aliwekwa kulitazamia. Akiona kijani kimepinda kona na kuingia uani, alisubiri kipite mlangoni, akafunga, akagonga kengele, na Misa ikaanza.

Basi mwaka mmoja msichana mmoja alishikwa na homa katika safari ya siku ya mwisho, akatetemeka hadi meno yakagongana. Mama akamvua gunia lake, akamvika koti, akampa vijana wawili wamtangulize haraka. Yeye akajifunga lile gunia, akabaki na mzee mmoja aliyehitaji kupumzika kila alipoona benchi. Unaona tayari kilichotokea. Msichana aliingia mlangoni ameshikwa huku na huku, kola masikioni. Mzee wa mlango akafunga. Kengele ikalia. Mama na mwenzake walikuwa bado Kanduyi, mwendo mfupi kabla ya Bungoma, wanakunywa chai kibandani, bila haraka yoyote, wakijua wanangojwa.

Walipofika waliwasikia watu ndani wanaimba. Hakubisha hodi. Alimkalisha yule mzee kwenye kibaraza, akamletea kikombe cha uji kutoka jikoni, kisha akarudi jikoni akakaa na wapishi, akawakosoa namna wanavyosonga ugali. Hapo ndipo tulipomkuta, watu wazima karibu wote, tumepanga mstari mlangoni pa jiko kama watoto waliovunja sahani. Mwenyekiti wa hija alikuwa mwalimu, mtu mpole, na alianza kueleza habari za koti.

"Naona," alisema Mama. "Mlingoja koti."

Akampa mwenyekiti mwiko amalizie. Mwaka uliofuata mzee wa mlango aliletewa kiti nje, na aliambiwa atazame sura.

Nilimjua hivyo miaka mingi. Kisha goti lake la kushoto likaanza kuvimba. Mwanzoni alilifunga kwa kitambaa, akasema ni baridi. Halafu akakubali fimbo, ila aliibeba begani, ati ni ya mbwa. Mashine alimwachia binti yake, akabaki anakaa mlangoni pake kuwaharakisha wateja kwa mdomo. Lakini mwezi wa nane ulipokaribia alionekana anazunguka uwanja wa soko asubuhi, mara moja, mara mbili, akijipima.

Kamati ya hija ilikaa, na ilikaa kwa heshima. Iliamua kuwa mwaka huo pikapu itafuata nyuma ya safu, iwachukue walioshindwa, naye Mama atapanda kiti cha mbele kando ya dereva. Atakuwa bado wa mwisho, mwenyekiti alimweleza, ila atakuwa mkavu. Nilikuwepo, maana mwenyekiti alitaka mtu aliyemzoea. Mama alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Gari haiwezi gombana na mtu," alisema. "Inakuchukua tu."

Alieleza, kwa utulivu kuliko nilivyotegemea, kwamba mtu akichukuliwa na gari hafiki, anafikishwa, na kwamba aliyefikishwa mwaka huu hatatoka nyumbani mwaka ujao. Mwenyekiti akasema ni afya yake wanaiwaza. Akasema asante. Wakaagana vizuri. Asubuhi ya kuondoka pikapu ilikuwa nyuma ya safu na yeye alikuwa mbele ya boneti, fimbo begani, akitembea, na dereva hakuthubutu kupiga honi.

Pikapu iliishia Naitiri. Ule udongo unaovua watu viatu uliishika magurudumu yote manne, na mahujaji iliokuja kuwaokoa walishuka mvuani wakaisukuma. Klachi ikanuka, ikaungua. Ilivutwa na trekta hadi Webuye na kuachwa kwa fundi. Mama aliipita akiyatazama mashamba, na hilo lilimuuma dereva kuliko maneno.

Kwa hiyo siku ya mwisho tulitoka Webuye bila gari, na mvua haikungoja saa nane. Ilitukuta asubuhi, ikiwa nyembamba na ya baridi, kwenye mashamba ya miwa. Mwenyekiti alinishika mkono akaniomba nitembee na Mama nisimwache. Mbele yetu alikuwa mtu mmoja tu, broka wa mahindi, dalali kutoka Kwanza, mwanamume mnene, mara yake ya kwanza. Mkewe ndiye aliyekuwa mwenda kanisa. Alikuwa amefariki mwaka ule, na mume alikuwa amechukua nafasi yake kwenye hija bila kumweleza mtu sababu. Viatu vyake vipya vilikuwa vimemla visigino hadi akavivua, akatembea na ndara za plastiki na soksi, akitoa sauti ya kufyonza kila hatua.

Mama aligombana naye tangu Webuye. Alimuuliza kuhusu mizani yake, na kama ile gorogoro, kopo la kupimia, anayonunulia kwa wakulima na ile anayouzia zimewahi kukutana. Broka alijibu vizuri, kwa hasira safi, na tukaenda. Lakini nilimsikia Mama anavuta pumzi katikati ya sentensi. Alianza kuacha maneno njiani. Kufika Kanduyi, penye vibanda vya nyanya na pikipiki zilizojibanza chini ya mabati, alikaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa na goti likakataa kukunjuka. Alilipiga ngumi mara moja, kama anavyopiga mashine ikikwama. Halikusikia.

Simu yangu ikalia. Mwenyekiti alikuwa ananong'ona. Watu wamelowa, watoto wanalia, kuna waliotoka mbali na lazima warudi kabla mito haijajaa. Padri ni mgeni, haijui desturi, amesema atangoja kidogo tu. "Mko hapo tu?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, hapo tu, nikashangaa jinsi ilivyo rahisi.

Mama alikuwa amesikia. Alinivuta karibu. "Mimi wakiniacha si kitu, nimezoea," aliniambia taratibu, Broka asisikie. "Huyu wakimfungia mlango leo, hatarudi kwa kanisa yoyote. Hata yetu."

Broka alikuwa ameegemea nguzo, macho yamefungwa. Akayafungua akamwambia, "Panda boda, mama. Ukifika wataona ni wewe, wataanza. Mimi nitakuja."

"Utakuja na nani?"

Mimi nilisema niko hapa, nitatembea naye, lakini Mama alinitazama miguuni na kusema mimi siku hizi naenda haraka sana. Sijui mpaka leo kama ilikuwa sifa.

Kisha alimwita mwenye pikipiki mmoja. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zina mvi, koti lake la mvua limepasuka begani. Nilimshika Mama mkono nikamsaidia kuketi nyuma, upande, kama wanavyoketi akina mama wa rika lake. Nilikuwa namwona anapandishwa, na kila kitu alichoiambia kamati nikakikumbuka. Mtu wa boda akawasha.

"Zima," akasema Mama.

"Nizime?"

"Zima. Sukuma."

Yule mtu aligeuka akamwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia wenzake chini ya mabati, ambao walikuwa wameanza kucheka. "Mama, hapa na kanisani ni kuwasha tu na kuzima. Ati nisukume?"

"Si una mikono? Yule mbele anatembea. Mimi nakaa nyuma yake. Ukiwasha utampita."

"Na akisimama?"

"Unasimama. Wewe hujawahi ona mtu akitembea?"

Alizima. Sitajifanya najua kwa nini. Labda ni ile sauti, ambayo imewaondoa watu kwenye foleni maisha yake yote. Alishuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akarudi nyuma kidogo, akaanza kusukuma. Tukaondoka Kanduyi hivyo, Broka mbele na ndara zake zikifyonza, mimi kando, na Mama wa Mwisho ameketi juu, mgongo umenyooka, fimbo mapajani, akiendelea na habari za gorogoro kutoka pale alipokuwa ameachia. Kwa kuwa sasa alikuwa juu, sauti yake ilifika mbali zaidi. Watu walitoka madukani kutazama. Broka alijibu bila kugeuka, akipunga mkono, na kila alipojibu alikuwa amepiga hatua.

"Kwani ni bibi yako?" mtu wa boda aliniuliza, akihema. Nikamwambia ni jirani. Akasema na yeye angetaka jirani, ila si huyo.

Simu ililia tena na sikuipokea. Kwenye kilima kidogo kabla ya kanisa nilisaidia kusukuma, na Mama akaniambia niache, niende kando, nisiharibu mpangilio. Nilikuwa natega sikio. Kama wameanza, tungesikia spika kutoka pale. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyumba zote na sikuweza kujua kama ninachosikia ni kimya ama ni mvua.

Tulipinda kona. Mlango ulikuwa wazi. Mzee wa mlango alikuwa kwenye kiti chake, mwavuli wa mtu umeshikiliwa juu yake, na nyuma yake, ndani, nyuso zimegeukia nje, safu baada ya safu. Padri mgeni alikuwa amesimama katikati yao, amevaa tayari, amenyosha shingo kama wengine.

Broka aliingia. Alisimama kwanza kwenye kizingiti akavua ndara, akaingia na soksi, na kuna mwanamke wa kwaya aliyesogea akampa nafasi kwenye benchi.

Mama alishuka taratibu, akaniegemea. Goti lilikuwa limekunjuka kidogo. Alisimama pale kibarazani kwa namna aliyosimama miaka yote, kando ya mlango, akingoja wa mbele yake wapite, na alinisukuma mimi niingie. Niliingia hatua moja. Kisha akageuka kumwonyesha njia mtu wa boda, ambaye alikuwa bado mvuani, ameshika usukani.

"Mimi hapana, mama. Mimi ni boda tu," alisema. "Nitangoja hapa huku nje, mkimaliza nitakurudisha."

"Ingia."

"Hii si kanisa yangu."

"Hata mimi si yangu," alisema Mama. "Wanakungoja."

"Mimi?"

"Wanangoja mtu wa mwisho. Ni wewe."

Yule mtu alitazama ndani, zile nyuso zote. Mama hakumngoja. Aliinua mguu mmoja, akauvuta mwingine, akavuka kizingiti na kuingia kanisani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimwacha mtu nyuma yake na hakugeuka kumwangalia.

Mtu wa boda aliegemeza pikipiki ukutani. Akavua helmeti, akaikung'uta maji. Kisha, kabla ya kuingia, aligeuka akaitazama barabara tuliyotoka, huku na huku, kama kuna mwingine anakuja.